Chatu amegoma kula tangu Juni, Nyegezi. Tuanzie wapi?

#1 Mwamba_wa_Nyegezi
Habari za jioni wana jamvi. Wenye ujuzi wa kulisha chatu naomba mchango wenu.

Kuna chatu kwenye kituo cha maonyesho chenye kibali huku Nyegezi, Mwanza. Urefu mita 1.6, jinsia haijapimwa. Aliletwa na askari wa wanyamapori baada ya kutolewa kwenye banda la kuku upande wa Kisesa. Alipofika alikula panya weupe wawili wa gramu 180 hivi kila mmoja, akaishia hapo. Mlo wa mwisho ulikuwa wiki ya pili ya Juni, sasa tunaingia Agosti. Panya anawekwa akiwa amekufa, wa moto. Nyoka anamnusa kwa ulimi, anarudisha kichwa nyuma, anahamia kona nyingine. Uzito umetoka gramu 2,150 hadi 2,020. Maji anakunywa.

Ni joto, ni ugonjwa, au panya tu ndiye hamtaki?

#2 FundiKizimba
Mkuu, kabla watu hawajaanza kutaja dawa, leta vipimo. Joto upande wa moto na upande wa baridi, mchana na alfajiri. Kipimajoto kiko wapi, ukutani au sakafuni anapolala? Maficho mangapi? Gamba la mwisho alivua lini, lilitoka zima au vipande? Kinyesi cha mwisho kilikuwaje?

#3 Mwamba_wa_Nyegezi
Kizimba ni kioo pande zote nne, futi nne kwa mbili, kimekaa kwenye sakafu ya saruji. Taa nyekundu ya wati 60 upande mmoja. Mchana kipimajoto cha ukutani kinasoma 29, alfajiri 21. Maficho ni boksi moja kubwa upande usio na taa. Gamba alivua Mei, zima. Kinyesi cha mwisho kilikuwa kigumu na cheupe upande mmoja, hakina damu.

#4 FundiKizimba
Jibu liko hapo kwenye 21. Chatu hameng'enyi chakula kwa joto la mwili wake mwenyewe, anaazima joto la nje. Akimeza panya halafu usiku ukashuka hivyo, nyama inaozea tumboni kabla haijasagwa, na anaishia kuitapika. Kwa hiyo anakataa mapema. Juni hadi Agosti usiku wa Mwanza unashuka hadi 17 au 18 nje, na saruji inanyonya joto la kizimba mpaka asubuhi.

Fanya hivi:

Inua kizimba juu ya meza au matofali, chini yake weka ubao wa jipsamu au povu jeupe la kufungashia friji, unene wa inchi moja au zaidi.

Weka mkeka wa joto chini ya theluthi moja ya sakafu, si zaidi, ili nyoka awe na pa kukimbilia. Uunganishe na themostati (kifaa cha kudhibiti joto), na kihisio chake kikae juu ya sakafu, chini ya gazeti, pale pale anapolala. Kihisio kikining'inia hewani, mkeka utawaka bila kukoma na kumchoma tumbo. Nyoka haondoki haraka kwenye kitu kinachomuunguza kwa chini.

Lenga 32 upande wa moto, 26 upande wa baridi, na usiku pasipungue 24 popote. Taa izungushie wavu, maana chatu hujiviringisha kwenye balbu.

Umeme ukikatika, jaza chupa za lita 1.5 maji ya nyuzi 50 (yakiwa ya kuchemka chupa ya plastiki inajikunja), zifunge taulo, weka mbili nje ya kioo na moja ndani, kisha funika kizimba blanketi ukiacha tundu la hewa. Jiko la mkaa lisiingie chumba hicho hata kwa dakika tano. Moshi wake usioonekana utamuua nyoka, na wewe pia.

#5 Binti_Kirumba
FundiKizimba kazi nzuri, ila sikubaliani kwamba mambo yote ni joto. Chatu wa porini wanaishi kwenye mawe haya haya ya Mwanza, usiku ule ule wa nyuzi 17, na Julai wanakula. Mimi tatizo naliona kwenye "kioo pande zote nne" na "kituo cha maonyesho". Huyo nyoka anatazamwa kutwa. Chatu mwenye woga hali, kwa sababu akiwa na mnyama mdomoni hawezi kujitetea wala kukimbia.

Na boksi "kubwa" ni tatizo jingine. Maficho ya nyoka yanatakiwa yambane, mgongo uguse juu na ubavu uguse kuta. Akiwa na nafasi ya kugeuka mara tatu ndani, hajihisi kajificha.

#6 FundiKizimba
Dada, hayo mawe ni matale (granaiti). Yanashiba jua kutwa na kutoa joto hadi usiku wa manane. Chatu akiingia kwenye ufa wa mwamba wa Capri Point saa nne usiku yuko kwenye joto kuliko wewe uliyesimama nje. Kioo juu ya saruji hakina akiba hiyo.

#7 Binti_Kirumba
Na ufa wa mwamba unambana pande zote. Umenisaidia hoja yangu.

#8 Kapripointi
😂😂 Uzi umeanza vizuri.

#9 Mzee_wa_Kisesa
Vijana, nyoka katoka banda la kuku. Mbona mnapita pembeni? Amezoea harufu ya kuku. Chatu anajifunza chakula akiwa mdogo, na akishajifunza manyoya, mnyama wa nywele anaweza kumwona kama jiwe. Kisesa nzima inajua chatu anayeingia banda moja hurudi banda lile lile akiruka zizi la mbuzi.

#10 Mwamba_wa_Nyegezi
Shikamoo mzee. Lakini alipofika alikula panya wawili.

#11 Mzee_wa_Kisesa
Marahaba. Alikula kwa njaa ya kukamatwa. Njaa ikipungua, uchaguzi unarudi.

#12 Msomaji_Ilemela
Hoja ya mzee ina uzito na ni rahisi kuijaribu. Hatua za kubadilisha harufu ni hizi:

1. Tafuta kifaranga cha siku moja. Wanaototolesha kuku wa mayai huwa na majogoo wasiowahitaji, kila mmoja gramu 35 hadi 40. Chukua aliyekwisha kufa, aliyegandishwa siku hiyo hiyo.

2. Panya aliyeganda atolewe friza na alale sehemu ya chini ya friji usiku kucha. Asianikwe juani, maana nje anaoza kabla ndani hajayeyuka. Maikrowevu usitumie, tumbo linapasuka.

3. Muoshe panya kwa maji vuguvugu na sabuni ya mche kidogo isiyo na manukato, msuuze sana, mkaushe. Hapa unaondoa harufu ya panya.

4. Msugue kifaranga juu yake, hasa kichwani na mabegani, kisha wafunge pamoja kwenye mfuko kwa nusu saa. Wengine hufunga manyoya machache puani kwa uzi wa pamba. Wa nailoni usitumie.

5. Utumbukize mfuko kwenye maji ya nyuzi 40 hadi mwili wa panya ufike 37 au 38, kichwa kiwe cha moto zaidi. Chatu ana vishimo vya kuhisi joto kwenye midomo, na kichwa kikiwa baridi kuliko kiuno anakosa pa kulenga. Panya atoke mkavu.

6. Saa mbili usiku, taa zimezimwa. Koleo la sentimita 40 au zaidi, mshike panya kiunoni, msogeze taratibu kama anayepita mbele ya maficho. Usimwelekezee nyoka usoni, kitu kinachomjia usoni ni adui.

7. Asiporuka ndani ya dakika kumi, mwache panya mlangoni pa maficho, funika kizimba, ondoka. Asubuhi akiwepo mtupe. Hagandishwi mara ya pili.

Akimkubali panya wa harufu, kila mlo punguza kusugua.

#13 Mwamba_wa_Nyegezi
Wabeja sana mkuu.

#14 KijanaWaIgoma
Mnazunguka sana. Mpe jogoo mzima anayetembea. Kinachotembea kinaliwa.

#15 Binti_Kirumba
Jogoo ana kucha na mdomo, panya mzima ana meno. Panya asipoliwa usiku huo anaanza kumtafuna nyoka mgongoni hadi mfupa uonekane, na nyoka aliyegoma hajitetei. Ukilazimika kabisa kutumia mnyama hai, awe mdogo, mtu akae pale pale, na baada ya dakika kumi na tano atolewe.

#16 KijanaWaIgoma
Porini nani anamshikia koleo?

#17 Msomaji_Ilemela
Porini nyoka anavizia akiwa na njaa yake, na mnyama ana pa kukimbilia. Kwenye futi nne kwa mbili wote wawili hawana. Halafu tusisahau: panya wa mtaani hafai hata akiwa amekufa. Sumu za panya zinazouzwa madukani nyingi huzuia damu kuganda, na hubaki kwenye ini la panya. Anayemla anaipata yote.

#18 Kapripointi
Kijana wa Igoma apumzike kidogo, jogoo wake aende supu.

#19 DaktariWaZizi
Nimepita uzi mzima. Hesabu kwanza: kutoka 2,150 hadi 2,020 ni asilimia 6. Kwa chatu wa ukubwa huo si hatari bado. Mpaka wa kuangalia ni asilimia 10, yaani gramu 1,935. Akiufikia, mwiteni daktari hata kama anaonekana mchangamfu. Mpimeni mara moja kwa wiki, siku ile ile, kabla ya kumwekea chakula.

Kabla ya kubishana joto na harufu, ondoeni ugonjwa kwenye orodha. Mdomo: watu wawili, mmoja ameshika mwili, mwingine afungue kwa kadi laini ya plastiki. Fizi ziwe za waridi iliyopauka. Wekundu wa vidoa, usaha mzito kama jibini au ute unaovutika ni kidonda cha mdomo, na nyoka mwenye maumivu hayo hali hata ungempa nini. Sikilizeni pumzi: mluzi, mapovu puani, kichwa kuinuliwa juu muda mrefu, hayo ni mapafu. Chini ya kidevu na kuzunguka macho tazameni utitiri, vidoti vyeusi vinavyotembea. Mara nyingi huonekana kwanza vimezama kwenye bakuli la maji. Kupe kwa chatu wa porini ni kawaida, hukaa chini ya magamba.

Minyoo ndiyo ninayoishuku zaidi kwa mnyama aliyetoka porini. Akiwa huru anaibeba bila shida, akifungiwa na kupata woga inamzidi. Chukueni kinyesi kibichi, ukubwa wa kidole gumba, kwenye chombo chenye kifuniko, kikae kwenye ubaridi, kifike maabara ya mifugo ndani ya siku moja. Msimchome dawa ya minyoo ya ng'ombe kwa kukadiria. Vipimo vya nyoka ni vidogo sana, na ivermectin ambayo wengi wanayo mkononi inaua kobe kabisa, kama kituo kina kobe msithubutu hata kuinyunyiza karibu nao.

#20 FundiKizimba
Daktari, ila hata ukimtibu minyoo kwenye nyuzi 21, dawa haitafanya kazi vizuri.

#21 DaktariWaZizi
Hilo ni kweli. Joto linatangulia tiba, lakini halitoi minyoo.

#22 Lwanhima_Juu
Kuna mtu amefikiria msimu? Chatu dume huacha kula kipindi cha kupandana, na jike akilalia mayai hali hadi yaanguliwe. Inawezekana hakuna tatizo lolote.

#23 Msomaji_Ilemela
Mita 1.6 bado mtoto. Chatu wa huku hukomaa kuzaa akikaribia mita tatu. Hiyo tuiondoe.

#24 Lwanhima_Juu
Kuzaa sawa, tuiondoe. Ila kupunguza kula kipindi cha baridi na ukame si kwa wakubwa tu. Mvua za vuli zikianza Oktoba wengi hurudi kula bila kubadilishiwa chochote. Kinachowaamsha nadhani ni unyevu na mgandamizo wa hewa kushuka kabla ya mvua, zaidi ya joto.

#25 FundiKizimba
Kusubiri Oktoba kwa nyoka ambaye hatujui afya yake ni kamari.

#26 Nyamanoro_Kwetu
Nimesoma kuhusu harufu. Kwa nini isiwe ya pimbi? Mawe yote ya Mwanza yamejaa pimbi, na pimbi ndiye mlo wa chatu wa mawe. Mkinyoa manyoya ya pimbi mmoja pale Saanane mna harufu ya mwaka.

#27 Msomaji_Ilemela
Saanane ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Hakuna kunyoa wala kuokota chochote pale. Wazo la harufu ya pimbi si baya, lakini nyoka huyu katolewa Kisesa kwenye kuku, si mwambani. Wanaotaka harufu ya mnyama wa nywele tofauti na panya wajaribu nyasi za kulalia simbilisi. Zinapatikana, halali, na nyoka wengi wanazikubali.

#28 Nyamanoro_Kwetu
Sawa mkuu, pimbi wabaki salama.

#29 Mla_Furu
Naongeza upande mwingine maana watu huchanganya. Si kila nyoka aliyegoma panya amegoma kula. Kuna mla mayai, mwembamba, wa kahawia mwenye madoa, anayejifanya nyoka wa sumu kwa kusugua magamba yatoe sauti. Hana meno ya maana. Anameza yai zima, mifupa ya uti wa mgongo iliyochongoka inalivunja kooni, anatema ganda lililokunjika. Mtu anamwekea panya miezi mitatu anashangaa amekonda. Mkubwa anameza yai la kware. Mdogo anahitaji mayai ya ndege wadogo, na hapo ndipo wengi hushindwa kumtunza. Yai liwe bichi, halijaoshwa, halijakaa friji. Analinusa, na likiwa limeharibika analiacha.

Na wale wanaokaa kwenye mafunjo kando ya ziwa wanataka samaki na vyura. Hapo angalizo: baadhi ya samaki wa jamii ya dagaa na ningu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Kuwagandisha hakukiondoi. Nyoka akila hao peke yao kwa miezi anaanza kutetemeka, kichwa kinapinda, anashindwa kujigeuza akilazwa chali. Kinga: wapashe samaki kwenye maji ya nyuzi 80 kwa dakika tano, wapoe, ndipo wapewe, na wachanganywe na chakula kingine.

#30 Kapripointi
Mla Furu na jina lako unawapikia nyoka dagaa. Umeniacha hoi.

#31 Mla_Furu
Dagaa wa nyoka hawawekewi chumvi tu.

#32 Mzee_wa_Kisesa
Niongeze jambo la wenyeji. Bayeye, wale wachezaji wa nyoka wa Usukumani mnaowaona makumbusho ya Bujora siku za sherehe ya ngoma ya Bulabo, huwahifadhi chatu kwenye kapu au chungu chenye giza, mdomo umefungwa nguo. Watu wanadhani ni kuficha tu. Mle ndani kuna giza, pamebana, na joto lililomo halitoki haraka. Dada wa Kirumba na fundi wote wawili wamo kwenye chungu kimoja.

#33 Binti_Kirumba
Asante mzee. Chungu cha ukubwa wa kumbana nyoka ni maficho bora kuliko boksi, kinashika joto na unyevu. Kitobolewe ubavuni tundu pana mara mbili ya unene wa nyoka, kingo zisuguliwe msasa, kifudikizwe. Kimoja upande wa moto na kingine upande wa baridi, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Kioo kifunikwe magazeti pande tatu. Na asishikwe wiki nzima kabla ya kulishwa, isipokuwa kumpima uzito. Wageni wanaogonga kioo wawekewe kamba mita moja.

#34 Mwamba_wa_Nyegezi
Nimeagiza vyungu viwili, kizimba kimepanda mezani, mkeka na themostati vinafungwa kesho. Kinyesi kikipatikana kinaenda maabara. Kuna mtu ameniambia pembeni tumlishe kwa nguvu kwa bomba. Mnasemaje?

#35 DaktariWaZizi
Hapana. Kwa asilimia 6 hapana kabisa. Bomba likiingia kwenye njia ya pumzi, iliyo sakafuni mwa mdomo pale mbele, unamwaga chakula mapafuni. Hata likipita salama, nyoka anaunganisha mkono wa mtu na mateso, na mgomo unarefuka. Maji ni muhimu zaidi kwa sasa. Mlaze kwenye beseni la maji ya nyuzi 29, kina kisizidi nusu ya unene wake, dakika ishirini, beseni lina kifuniko chenye matundu na mtu hatoki. Ngozi ikibaki imekunjika ubavuni ukiibana, maji yamempungua.

#36 Sheria_Kwanza
Kwa wanaosoma pembeni na kufikiria kuokota chatu nyuma ya nyumba: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inataka kibali, na chatu yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Ukimkuta bandani piga simu kwa maafisa wa wanyamapori. Mwenye uzi kasema kituo kina kibali, shukrani kwa kuliweka wazi.

#37 Mwamba_wa_Nyegezi
Mrejesho. Wiki mbili sasa. Upande wa moto 32, alfajiri haishuki chini ya 25. Vyungu vipo, anakaa kile cha upande wa moto. Kioo kimefunikwa magazeti. Jana usiku aliwekewa kifaranga kimoja mlangoni pa chungu, asubuhi hakikuwepo. Panya aliyesuguliwa kifaranga aliwekwa siku tatu kabla, akamgusa na kumwacha. Majibu ya kinyesi: mayai ya minyoo yapo, machache.

#38 Mzee_wa_Kisesa
Kuku!

#39 FundiKizimba
Joto.

#40 Binti_Kirumba
Alikula akiwa ndani ya chungu, magazeti yamefunika.

#41 Lwanhima_Juu
Na juzi Mwanza imenyesha. Sisemi zaidi.

#42 Msomaji_Ilemela
Hapa hakuna anayeweza kudai. Mambo manne yamebadilishwa kwa pamoja. Mkuu, ukitaka kujua, mlo ujao acha kila kitu kilivyo, badilisha chakula pekee: mpe panya wa harufu mdogo, gramu 60 tu. Akikataa, rudi kwenye kifaranga na ujue ni uchaguzi wa chakula. Akikubali, mzee atatusamehe.

#43 DaktariWaZizi
Mayai machache ya minyoo hayatoshi kusema ndiyo chanzo, wala hayatoshi kusema siyo. Dawa nitaelekeza kwa uzito wake akishakula mara tatu bila kutapika. Baada ya mlo asiguswe saa 48. Kifaranga kimoja ni gramu 40, tumbo limelala karibu miezi miwili, kwa hiyo msimrundikie. Mlo wa pili baada ya siku saba, vifaranga viwili au panya mmoja mdogo. Akitapika, mwacheni siku kumi hadi kumi na nne, maji tu, kisha anzeni na nusu ya kipimo hicho.

#44 Mwamba_wa_Nyegezi
Sawa daktari. Jumamosi panya wa gramu 60, saa mbili usiku. Vingine havitaguswa.

#45 KijanaWaIgoma
Akikataa jogoo wangu bado yupo.